Siku Wenye Ardhi Walipoitika

Mahfoudh bin Saeed alikuwa mandubu kwa miaka thelathini na mmoja. Mandubu, kwa asiyepata kukaa Maskati, ni mtu anayeajiriwa na kampuni au skuli ili amalize shughuli zake zote serikalini: viza, vitambulisho vya ukaazi, leseni, mihuri. Saa moja ya asubuhi yuko kwenye foleni na jalada kwapani. Saa nane ya mchana anarudi ofisini na karatasi zilizokamilika. Katika miaka yote hiyo Mahfoudh hakupeleka dirishani karatasi yenye neno la uongo, hata pale uongo ulipokuwa mdogo na njia ya ukweli ndefu. Nalisema hili mapema kwa sababu wako watu Darsait, mtaani kwake, wanaosema kwamba yaliyompata aliyataka kwa ujinga. Mjinga hakuwa. Alizoea tu kwamba neno likishasemwa mbele ya watu, limesemwa.

Skuli aliyoitumikia ni skuli ndogo ya binafsi yenye mtaala wa Australia, pale Madinat Sultan Qaboos. Mwezi wa Septemba ilipata mkuu mpya, mtu mrefu, mpole, aliyewasalimia hata wafagiaji kwa majina yao. Jumapili ya kwanza, maana wiki ya kazi Maskati huanza Jumapili, aliwakusanya walimu, wanafunzi na wafanyakazi uwanjani, na kabla ya jambo jingine lolote akasoma kikaratasi. Alisema anawatambua wenyeji wa asili wa Australia, wenye ardhi ile tangu mwanzo, ardhi ambayo hawakupata kuiuza wala kuitoa, na kwamba anawapa heshima wazee wao waliopita na waliopo. Kisha akatangaza mashindano ya kuogelea.

Mahfoudh, aliyesimama nyuma na jalada lake, alidhani pana msiba. Jumapili ya pili mkuu akasoma maneno yale yale. Ya tatu pia. Baada ya hiyo ya tatu Mahfoudh alimfuata Mwalimu Narelle, anayefundisha uchoraji, kwa sababu ndiye Mwaustralia pekee pale aliyekuwa akimjibu maswali bila haraka.

"Mwalimu, samahani," alimwambia. "Nani kadai?"

"Kadai nini?"

"Ardhi. Kila wiki mkuu anakiri. Mtu hakiri ila amedaiwa."

Mwalimu Narelle alicheka mpaka akaweka brashi chini. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini hivi, mwenye nywele za mawimbi na rangi ya maji ya kunde, na kwa miaka miwili Mahfoudh aliamini kuwa asili yake ni Lebanon.

"Mimi," alisema. "Ukitaka kujua, sisi ndio tunaotajwa. Mimi ni Mwaborijini."

Mahfoudh alivuta kiti cha mwanafunzi akakaa, magoti yakimfika kifuani. Mwalimu Narelle akamweleza huku akiosha brashi zake. Merikebu za Waingereza zilifika kwao mwaka 1788, na waliokuwamo wakaandika kwamba nchi haina mwenyewe, ingawa walikuwa wakiwaona watu ufukweni. Ndui ikaua wengi. Bunduki zikaua wengine, na waliobaki wakafukuzwa kwenye mito ili kondoo na ng'ombe wapate maji. Kisha, kwa zaidi ya nusu ya karne iliyopita, serikali ilichukua watoto. Bibi yake Narelle alichukuliwa akiwa na miaka mitano. Walikuja watu wawili na gari, wakamwambia mama mtu kuwa wanampeleka mtoto kwa daktari. Akakulia kwenye makazi ya wamisionari, akapewa jina jipya, akafundishwa kufua na kupiga pasi nguo za watu. Jina lake la kwanza halikuandikwa popote. Narelle alilitafuta miaka kumi kwenye nyaraka, akapata jina la gari.

"La gari?"

"Aina ya gari na kiasi cha petroli iliyotumika. Waliandika vizuri sana."

Mahfoudh aliweka jalada lake magotini. Kisha akauliza swali ambalo mtu wa kazi yake lazima aliulize.

"Na sasa, wakishakiri, mmerudishiwa?"

"Sehemu nyingine, ndiyo. Mahakama ilikubali mwaka 1992 kwamba nchi haikuwa bila ya wenyewe. Kwetu sisi, hapana. Kwetu ni shamba la ng'ombe la mtu."

"Na huyo mwenye ng'ombe, naye huyasoma maneno haya?"

"Skuli ya watoto wake huyasoma kila wiki."

"Wanakiri, halafu wanakaa?"

"Wanakiri," alisema Mwalimu Narelle, "halafu wanakaa."

Mahfoudh alirudi nyumbani Darsait siku hiyo akaacha wali wake upoe. Mkewe, Ruqaya, alimuuliza kama anaumwa. Akasema haumwi, ila hakufahamu jambo fulani. Ruqaya akasema kama ni la serikali lingefahamika kesho, kama ni la Wazungu asile wali baridi kwa ajili yake.

Ningependa Mahfoudh angelifahamu pale pale. Kukiri haki ya mtu kisha ukaishikilia ni kumdhulumu mara mbili, mara ya pili ukiwa umevaa suti. Lakini Mahfoudh hakuwa na tabia ya kuhukumu haraka. Alijiambia kwamba Mwalimu Narelle ana uchungu, na mwenye uchungu hupunguza upande wa pili. Haiwezekani watu wazima, wenye elimu, waite mkutano kila wiki kwa ajili ya maneno matupu. Lazima pana hatua nyingine ambayo yeye haijui, dirisha jingine ambako karatasi ile inaendelea.

Mwezi wa Novemba mkuu alimwita ofisini. Ilikuwa karibu na siku ya wazazi.

"Mahfoudh, hapa tulipo, kabla ya majumba haya, palikuwa pa nani? Naona si haki tuwataje wenyeji wa kwetu tukawasahau wa hapa."

"Utawataja mbele ya watu?"

"Mbele ya wazazi wote."

"Kwa jina?"

"Ukiyapata majina, vizuri zaidi. Na wakaribishwe. Wewe utasoma kwa Kiarabu baada yangu."

Mtu mwingine angeandika sentensi mbili za heshima kuhusu watu wa kale wa Oman akamaliza kazi. Mahfoudh alifungua jalada jipya. Kwa siku kumi na moja, kila alipotoka wizarani, aliuliza kwa wazee. Alikunywa kahawa nyingi mtaa wa Hamriya kwa mshona kanzu mmoja anayejua ukoo wa kila mtu, naye akamtuma kwa mzee anayeitwa Harub, aliyehamia Mabela zamani. Watu wa Harub walikuwa na kisima na mikunazi miwili kwenye ule uwanda wa changarawe, na mbuzi wao walilala pale ambapo leo watoto wanacheza mpira wa kikapu. Mahfoudh alitafuta mashahidi watatu, kila mmoja peke yake, wakamchorea mahali pa kisima. Michoro yote mitatu ilikubaliana. Ndipo alipokwenda Mabela.

Mzee Harub si mtu wa Zanzibar kama Mahfoudh, kwa hiyo waliongea Kiarabu. Alimsikiliza Mahfoudh mpaka mwisho, kisha akageuza kikombe chake tupu mkononi.

"Wanataka kukiri kuwa pale palikuwa petu?"

"Ndivyo alivyonambia mkuu wao, ammi."

"Sisi hatukudai."

"Najua."

"Mji ulipopangwa tulipewa viwanja hapa, tukajenga, tukashukuru. Kisima chenyewe kilikuwa cha maji ya chumvi. Mke wangu hakukipenda hata siku moja."

"Hata siku moja!" ilisema sauti ya bibi kutoka chumba cha pili.

Wajukuu walicheka. Mzee Harub hakucheka. "Na wakishakiri, kinafuata nini?"

Hapo ndipo Mahfoudh alipokosea, na kosa hilo ni lake peke yake. Alikuwa ameshasikia kwa Mwalimu Narelle kinachofuata. Hakuamini. Alikuwa mtu wa karatasi na mashahidi, na kwao mtu akisema mbele ya watu kuwa kitu ni cha fulani, fulani hurudi nacho nyumbani. Akasema:

"Sharti pana jambo, ammi. Mtu hawezi kuita watu, akakiri, akaenda zake."

"Unalisema hilo kwa neno lako?"

"Kwa neno langu."

Siku ya wazazi Mzee Harub alifika saa mbili kasoro robo na wanaume kumi na mmoja wa nyumba yake. Walivaa kanzu nyeupe, vilemba na majambia viunoni. Walikuja na birika la kahawa, sinia la halua na bahasha ya karatasi za zamani. Wakakaa safu ya mbele. Mkuu alifurahi sana, akawashika mikono wote kumi na wawili, akaomba wapigwe picha.

Kisha akasoma kikaratasi chake. Safari hii aliongeza: pia tunawatambua Harub na watu wake, wenye ardhi hii tunayokutana juu yake. Mahfoudh akasoma Kiarabu chake polepole, neno kwa neno, pamoja na mahali pa kisima.

Mzee Harub akasimama. Hakuna aliyemwalika kusimama, lakini kwao haikuwezekana neno kama lile lisijibiwe. Aliegemea fimbo yake, akasema kwa sauti iliyofika mpaka geti:

"Tumesikia, na tumekubali kukiri kwenu, na Mungu awalipe. Sasa nyinyi mnasemaje?"

Wazazi, ambao wengi hawakujua Kiarabu, walidhani ni dua. Wakapiga makofi. Mkuu akapiga makofi kuliko wote. Watoto wa darasa la pili wakaanza kuimba.

Mzee Harub alibaki amesimama. Alimtazama Mahfoudh.

"Wanapiga makofi ya nini?" aliuliza.

Mahfoudh alitazama umati, akamwona Mwalimu Narelle kando ya ukuta, mikono yake imetulia. Baadaye mwalimu alimwambia: "Maneno yale nimeyasikia mara elfu. Leo ndiyo mara ya kwanza kumwona mtu anasimama anauliza." Hakusema kama jambo lile lilimfurahisha au lilimuumiza, na Mahfoudh hakuweza kulisoma usoni mwake.

Baada ya halua Mzee Harub aliomba kuonana na mkuu. Waliingia ofisini watatu, Mahfoudh akiwa mkalimani.

"Mwambie," alisema Mzee Harub, "skuli siitaki. Nitaifanyia nini skuli? Nataka jambo moja tu. Aniambie, pale ni petu au si petu?"

Mkuu alieleza kwamba ilikuwa ishara ya heshima.

"Nimeiona heshima, na picha tumepigwa. Petu au si petu?"

"Mwambie kihistoria..." alianza mkuu, akasita. "Mwambie kisheria ni jambo jingine."

Mahfoudh alitafsiri. Mzee Harub akalaza fimbo yake magotini.

"Mimi nilikuwa nimetulia," alisema. "Miaka arubaini na kitu nimetulia. Kisima kilikuwa kimekwisha moyoni mwangu. Leo mmenambia ni changu na si changu. Sasa nilale vipi?"

Akaondoka na watu wake. Sinia waliliacha.

Siku tatu baadaye bodi ya skuli ilikuwa imeshasikia. Mjukuu mmoja wa Harub alikuwa amepiga simu kuuliza, kwa adabu, hatua inayofuata ni ipi. Bodi ilitaharuki. Mkuu alimwita Mahfoudh siku ya Alkhamisi akampa barua ya mistari sita, ya Kiarabu, imeshachapwa. Ilisema kwamba mimi, Mahfoudh bin Saeed, kwa makosa yangu mwenyewe katika kutafsiri, nilitamka maneno ambayo skuli haikuyakusudia. Kwamba skuli haikukiri lolote. Na kwamba namtaka radhi Mzee Harub kwa kumpotosha.

"Lakini sikukosea kutafsiri," alisema Mahfoudh.

"Najua," alisema mkuu, na uso wake ulikuwa mwekundu. "Nisaidie, Mahfoudh. Mkataba wako unaisha mwezi huu. Nataka kuuendeleza. Bila barua hii bodi haitanikubalia. Niletee Jumapili."

Alibaki na Ijumaa na Jumamosi. Kazi ya miaka thelathini na mmoja upande mmoja, na upande wa pili mistari sita yenye jina lake chini.

Kabla ya kutoka alipita kwenye chumba cha chai. Nyamizi, mama wa Kitanzania anayeshughulikia chai na usafi, alikuwa anakausha vikombe. Kwao ni Tabora. Yuko Maskati mwaka wa saba, na kila baada ya miaka miwili Mahfoudh ndiye humsimamia kitambulisho chake cha ukaazi.

"Shikamoo, baba. Mbona umekuwa hivyo?"

"Marahaba, mwanangu." Akamwonyesha barua, akamsomea maana yake. "Ati nikane. Nimwambie mzee yule hapakusemwa kitu. Mie nnajua uchungu wa kunyang'anywa, Nyamizi. Mama yangu alitoka Unguja baada ya mapinduzi na mimi mgongoni, sijatimiza miaka miwili. Shamba letu la karafuu la Mwera lilichukuliwa lote, likakatwa ekari tatu tatu, wakagaiwa watu. Hakuna aliyekuja kutukiria. Hata kwa kikaratasi!"

Nyamizi aliendelea kukausha kikombe kilichokuwa kimeshakauka.

"Mwera," alisema.

"Mwera. Unapajua?"

"Sipajui. Nimepasikia kwa bibi yangu. Bibi yake yeye alichukuliwa kwetu Unyamwezi akiwa binti mdogo, akapelekwa Unguja kwenye karafuu. Hakwenda kwa kupenda, baba. Mwanawe ndiye aliyerudi bara baadaye. Ndiye aliyekuja na hilo jina, Mwera."

"Mwera ni kubwa," alisema Mahfoudh haraka.

"Ndiyo, ni kubwa."

"Yalikuwapo mashamba ya watu wengi."

"Ndiyo, baba. Sijasema ni kwenu." Akaweka kikombe kabatini. "Na kabla ya karafuu palikuwa na wenyewe wengine, Waswahili wa pale pale. Mimi nauliza tu. Siku ile uwanjani, wenye ardhi walikaa mbele, na waliokiri walisimama. Ikifanywa siku kama ile kule Mwera, mimi nikae wapi? Na wewe utasimama au utakaa?"

Maneno yote aliyokuwa nayo Mahfoudh yalikuwa ya mtu aliyenyang'anywa. Hakuwa na mengine. Alisema lazima awahi gari, naye ana gari lake mwenyewe, limeegeshwa mlangoni.

Usiku ule Ruqaya aliisoma barua chini ya taa ya jikoni.

"Tia saini," alisema. "Wino tu huu."

"Mie nimeishi kwa wino, Ruqaya."

"Basi kufa kwa wino. Wallahi, mwanamme wa miaka sitini anagombana na karatasi! Mzee wa watu mwenyewe kasema kisima kilikuwa cha chumvi."

Lakini si kisima kilichokuwa kichwani mwa Mahfoudh wakati ule.

Ijumaa baada ya sala alikwenda Hamriya kwa shangazi yake, Bi Mazoon, mwenye miaka themanini na nane, anayekaa na mwanawe juu ya duka la vipodozi. Bi Mazoon ndiye daftari la ukoo. Waliporudi kutoka Afrika na kutakiwa kuthibitisha kabila lao, ni yeye aliyekaa mbele ya sheikh akayataja majina ya mababu saba bila kuvuta pumzi, na kwa majina hayo wakapata paspoti. Mahfoudh alimkuta yu macho na akili imetulia.

"Shangazi, nnataka unambie khabari ya shamba la Mwera."

Bi Mazoon akang'aa. Alimwambia safu za mikarafuu, ngapi upande wa barabara na ngapi upande wa bonde. Alimwambia sakafu ya kuanikia ilikuwa wapi, na mfenesi uliopigwa na radi, na rangi ya milango. Alimwambia hata punda mweupe aliyeletwa kutoka Oman, akiitwa Marjani, hapandwi na mtu mwingine ila babu. Akimwona mgeni hujinyonganyonga mpaka amwangushe.

"Na waliochuma, shangazi?"

"Wachumaji? Walikuja kila msimu."

"Wa zamani zaidi. Wa wakati wa babu yake babu. Waliokuwa wetu." Lile neno la mwisho alilitoa kwa sababu ndilo la kweli. "Mmoja alikuwa binti wa Kinyamwezi. Jina lake nani?"

Bi Mazoon alimtazama kwa mshangao wa mtu aliyeulizwa idadi ya mchanga.

"Wale? Walikuwa wengi, mwanangu."

"Hata mmoja humkumbuki?"

"Nani aliyetutajia? Walikuwa watu wa shamba." Akampapasa mkono. "Kwani kuna mtu kakudai?"

"Hapana. Hajadai."

"Basi wataka nini?"

Mahfoudh alikaa na swali hilo ngazini kwa muda, kati ya shangazi juu na duka la vipodozi chini. Alikuwa mtu anayeweza kumtaja babu yake wa saba, na punda wa babu yake. Akamkumbuka Mwalimu Narelle na lile gari na petroli yake. Alijaribu kuweka kila mtu mahali pake, nani alichukua na nani alichukuliwa, kama anavyopanga majalada, lakini kila alipoweka jina lake upande mmoja liliteleza likenda upande wa pili. Wazungu waliiandika nchi ya watu kuwa haina mwenyewe. Na sisi tulikuwa tumeiandika nini? Hakujua. Alikuwa na hakika tu kuwa hakuwahi kuuliza.

Jumamosi alimpigia simu Mzee Harub akamsomea ile barua yote.

"Tia saini, mwanangu," alisema Mzee Harub. "Mimi sitaki mtu akose riziki kwa kisima changu. Nimeshamkataza mjukuu wangu kupiga simu."

"Ahsante, ammi."

"Ila nambie mimi. Niliyoyasikia pale uwanjani, niliyasikia au sikuyasikia?"

"Uliyasikia."

"Basi," alisema mzee. Akakata simu.

Jumapili Mahfoudh aliingia kwa mkuu kabla ya kengele. Aliweka barua juu ya meza. Chini palikuwa peupe.

"Sitaweza," alisema. "Ulisema, nikasoma, watu wakasikia. Maana yake siijui. Nimekaa siku mbili natafuta maana yake, na sasa naijua kidogo kuliko Alkhamisi. Lakini siwezi kuandika kwamba neno halikusemwa."

"Unataka nini basi, Mahfoudh? Skuli irudishwe?"

"Sijui. Wallahi sijui. Ningejua ningekwambia."

Mkuu si mtu mbaya. Watu wabaya ni wachache kuliko tunavyodhani. Wengi wetu ni wapole wanaotaka sifa ya haki bila uzito wake. Alisema anasikitika, na kwamba mkataba utakwisha mwisho wa mwezi. Kisha kengele ikalia, akatoka uwanjani. Mahfoudh, dirishani, alimwona akitia mkono mfukoni kutafuta kikaratasi, akakishika, akakitazama, akakirudisha. Asubuhi ile alianza moja kwa moja na matangazo. Mwalimu Narelle, kando ya ukuta, aliinua uso. Mahfoudh hakuweza kuamua kama sasa mambo yalikuwa bora au mabaya zaidi.

Alikwenda chumba cha chai. Nyamizi alikuwa anapanga vikombe vya walimu kwenye trei.

"Shikamoo, baba. Umetia?"

"Sikutia."

"Jamani! Na kazi?"

"Mpaka mwisho wa mwezi. Kitambulisho chako nitakimaliza kabla sijaondoka, usiwe na wasiwasi." Akavua kofia yake, akaishika. "Nyamizi, nilikwenda kwa shangazi yangu. Nilimuuliza jina la bibi yenu."

Mkono wa Nyamizi ulisimama.

"Mimi sikuuliza ili ukamuulize mtu, baba. Watu watasema ninadai."

"Mimi ndiye niliyetaka."

"Akasemaje?"

Angeweza kusema shangazi ni mzee na kumbukumbu imekwenda. Ingekuwa rahisi, na ingekuwa adabu, na ungekuwa uongo mdogo.

"Anakumbuka kila kitu," alisema. "Safu za mikarafuu. Rangi ya milango. Analikumbuka jina la punda. La bibi yenu hakuna aliyelishika. Hata huyo binti kama alikuwa kwetu au kwa jirani, sikuweza kujua. Nakwambia nilivyoambiwa."

Nje watoto walikuwa wanapiga kelele za mashindano.

"Punda aliitwa nani?"

"Marjani."

"Marjani," alirudia Nyamizi. "Jina zuri. Basi liandike, baba, lisije nalo likapotea."

Akabeba trei akatoka, vikombe vikilia. Mahfoudh alibaki na kofia mkononi, hajui kama amekejeliwa au amepewa kazi. Kisha akavuta karatasi kutoka kwenye jalada, akaandika tarehe, akaandika Mwera, akaandika jina la punda. Chini yake akaacha mstari mtupu, na chini ya huo mwingine.